Faji iliyochomwa na miale: namna ya kumwona bakteria akiitengeneza

Kitu cha kwanza cha kununua kwa ajili ya jaribio hili si kemikali, ni kaniki. Ile nzito, nyeusi tii, ya kutosha madirisha yote. Hapa Mwanza, eneo la Makoroboi, utaipata bila kuhangaika. Maabara yetu ipo mlimani katikati ya mawe, kama ilivyo nusu ya Mwanza, na madirisha yake yanatazama ziwa. Wageni huyasifia. Mimi huyafunika.

Ninasimamia mazoezi ya vitendo ya mikrobiolojia chuoni: kuosha vyombo, kupika agari (ile jeli ya kukuzia bakteria), kusahihisha mahesabu ya watoto wa watu. Katika mazoezi yote, hili ndilo ninalolingojea kila mwaka. Unachukua faji, yaani kirusi kinachoshambulia bakteria. Unaipiga miale ya urujuanimno mpaka sehemu kubwa ionekane imekufa. Kisha unaipeleka kwa bakteria, na bakteria huyo huyo ambaye faji imekuja kumuua anaifanyia matengenezo. Ikishapona inazaliana ndani yake na kumpasua. Wanafunzi humhurumia. Wala asihurumiwe, hafanyi hisani. Yeye hutengeneza DNA yoyote iliyoharibika anayoikuta ndani ya ukuta wake, na vimeng'enya vyake haviulizi ni ya nani.

Kwa hiyo nikikuuliza faji ngapi zimekufa, usinijibu kwa tarakimu moja. Niambie ulizipandisha, yaani ulizikuza sahanini, kwa bakteria wa aina gani, na chumbani ilikuwa inawaka taa gani. Bila hayo mawili, tarakimu yako hainifai kitu.

Kinachoharibika, na anayetengeneza

Taa ya kuua vijidudu, ile ya mvuke wa zebaki iliyomo kwenye kabati la usalama, hutoa karibu nguvu yake yote kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 254. DNA hunyonya zaidi miale iliyo karibu na nanomita 260, kwa hiyo taa hii inaipata barabara. Pale ambapo herufi mbili za DNA ziitwazo thaimini zimekaa jirani kwenye uzi mmoja, au thaimini na saitosini, miale huzifungamanisha ubavu kwa ubavu. Fungamano hilo huitwa dimeri. Kimeng'enya kinachonakili DNA kikifika hapo hukwama. Ganda la faji halina shida, mkia upo, faji inanata kwa bakteria na kuingiza DNA yake kama kawaida. Ila maelekezo yaliyomo hayasomeki hadi mwisho.

Bakteria wetu ni Escherichia coli, na njia zake za kukabili dimeri ninazofundisha ni tatu.

Ya kwanza inahitaji mwanga. Albert Kelner, akiwa Cold Spring Harbor nchini Marekani, alikuwa akichunguza namna joto linavyowasaidia viumbe wadogo waliopigwa miale. Majibu yake yalikuwa hayatulii, mpaka akagundua kwamba kilichokuwa kikiwafufua si joto, ni mwanga wa kawaida. Akatangaza mwaka 1949. Mwaka huo huo Renato Dulbecco, katika maabara ya Salvador Luria pale Chuo Kikuu cha Indiana, akaliona jambo hilo kwa faji: sahani zilizopaswa kufanana hazikufanana, zile zilizopata mwanga wa taa za mirija zikiwa na madoa mengi zaidi, yaani vitobo kwenye utando wa bakteria pale faji ilipowaua. Kimeng'enya kinachohusika ni fotolaizi. Hukamata dimeri hata gizani, kisha hungoja. Kikipata mwanga wa bluu au wa urujuani huziachanisha thaimini zile mbili zikarudi kama zilivyokuwa, pasipo kukata wala kushona. Aziz Sancar, aliyeanza kukifanyia kazi kimeng'enya hiki tangu akiwa mwanafunzi, alishiriki Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 2015 pamoja na Tomas Lindahl na Paul Modrich, kwa kazi zao kuhusu ukarabati wa DNA.

Njia ya pili hufanya kazi hata gizani. Protini UvrA na UvrB hutafuta mahali uzi ulipopinda, UvrC hukata pande zote mbili za jeraha, kipande cha herufi 12 au 13 hutolewa, na pengo hujazwa kwa kunakili uzi wa pili. Ya tatu ni ya dharura na ina makosa mengi. Hiyo nitaifikia baadaye, maana ndiyo tamu kuliko zote.

Bakteria na faji za kutafuta

Tafuta E. coli wa ukoo wa K-12, aina mbili: mmoja mzima, na mwingine mwenye kasoro ya jeni uvrA, ambaye hawezi kukata na kutoa dimeri. Ukimpata na wa tatu asiye na fotolaizi, mshukuru aliyekupa. Kwa wawili tu kazi inakwenda.

Faji ninayotumia ni lamda ya asili, ile inayotoa madoa yenye ukungu katikati. Ukungu huo ni bakteria waliosalia hai, faji ikiwa imetulia ndani yao; sababu ya kuutaka utaiona mbele. Usianze na faji iitwayo T1 hata ukipewa bure. T1 inastahimili kukauka, na ikishaenea kwenye maabara utaikuta mpaka kwenye tamaduni za bakteria za mtu ambaye hajui hata unafanya nini. Ukiwa na haraka, kwa mfano umeme wenu ni wa kubahatisha, T7 hutoa madoa ndani ya saa chache badala ya kungoja usiku kucha, na njia mbili za kwanza zinaonekana kwayo vizuri.

Usitumie T4 kupima msaada wa bakteria wa gizani. T4 imebeba kimeng'enya chake yenyewe cha kuanzisha ukataji wa dimeri, kwa hiyo ukiipandisha kwa bakteria mzima na kwa mwenye kasoro ya uvrA, matokeo yatakaribiana, nawe utadhani uvrA haina kazi. Mimi huitumia mwishoni tu, kama mtego, kwa wale wanafunzi wanaojiona wameshaelewa.

Bakteria wa lamda walishwe sukari ya maltosi, asilimia 0.2 kwenye mchuzi (maji ya lishe ya kukuzia bakteria), kwa sababu mlango ambao lamda hunata ndio ule ule bakteria anaoutumia kupitishia maltosi. Asipolishwa maltosi milango huwa michache. Ongeza na salfeti ya magnesi, milimola 10 kwa lita. Magnesi ikikosekana lamda huharibika yenyewe, na hapo utailaumu taa bure.

Giza

Sasa turudi kwenye kaniki. Tangu faji iliyopigwa miale inapoingia ndani ya bakteria mpaka sahani inapofungwa kwenye foili, usiruhusu mwanga wa bluu uiguse. Mwanza ipo nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, na ziwa lenyewe lipo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Jua la utosi hapa halifiki saa sita kamili; kwa kuwa tupo mbali magharibi mwa mstari unaotupangia saa, hufika karibu na saa saba kasoro. Mchana huo, dirisha lisilofunikwa linatosha kabisa kugeuza sahani zako za giza kuwa sahani za mwanga bila wewe kujua.

Binti mmoja wa mwaka wa pili, mtu wa Sengerema, alinijia na daftari lake uso umekunjamana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Haya, kuna nini?"

"Sahani zangu na za mwenzangu hazilingani. Faji moja, bakteria mmoja, sekunde zile zile. Zake ni nyingi karibu mara mbili."

"Yeye alikaa wapi?"

Akageuka akatazama meza ya pembeni mwa dirisha, pale kaniki ilipoishia shibiri moja kabla ya fremu. Sikuongeza neno. Alirudia zoezi lote kwa hiari yake, akiwa amebandika karatasi nyeusi kwenye upenyo ule, na tangu siku hiyo yeye ndiye mkaguzi wangu wa madirisha.

Kufanya kazi usiku ni rahisi zaidi. Taa ya kuonea iwe ya njano au nyekundu, kwa kuwa mwanga wa njano fotolaizi haiutumii. Balbu za njano zinazouzwa kwa ajili ya kupunguza wadudu zinafaa sana, na hapa kwetu zina faida ya pili: ile misimu ambayo wingu la wadudu huinuka ziwani kama moshi na kuja mjini, taa nyeupe itawaleta wote kwenye agari yako laini. Nimeshahesabu madoa nikiruka mabawa.

Bandika karatasi kwenye swichi ya taa kubwa, na ongea na mlinzi mapema. Babu anayelinda jengo letu aliwahi kusimama mlangoni akatuchungulia tukinong'ona kwenye mwanga mwekundu, akasema, "Mjukuu wangu, hivi ninyi mnafanya kazi gizani kama wachawi, mtaeleweka kweli?" Nikamwamkia, nikamweleza kwamba taa ikiwashwa kazi ya usiku mzima imekwisha. Siku hizi yeye ndiye anayewazuia wengine wasiiwashe, na maelezo anayowapa yanatisha kuliko yangu.

Kuipiga miale

Washa taa ya miale dakika kadhaa kabla, itulie. Zimua faji kwenye bafa (maji ya chumvi yasiyobadilika uchachu) yenye magnesi, usitumie mchuzi. Mchuzi wa lishe hunyonya miale ya 254, na faji zitabaki kivulini. Mimina tabaka jembamba, milimita chache tu, kwenye sahani ya petri, ondoa kifuniko (plastiki na kioo huizuia miale hii) na uwe unaitikisa sahani polepole muda wote ili kila faji ipate zamu yake.

Umbali kati ya taa na sahani usibadilike. Kama una kipimo cha miale, andika kipimo kwa jouli kwa mita ya mraba. Kama huna, na wengi hatuna, tumia muda: chukua sampuli sekunde 0, 10, 20, 40 na 60, kisha uone mchoro unashukaje. Taa huchakaa na kutoa miale pungufu huku macho yako yakiiona inawaka vilevile, kwa hiyo sekunde 40 za mwaka jana si lazima ziwe sekunde 40 za leo.

Vaa miwani ya kukinga na glovu, funika mikono mpaka kwenye kiwiko. Macho yaliyopigwa miale hii hayaumi hapo hapo. Huanza saa kadhaa baadaye, unapokuwa kitandani, kama yaliyojaa mchanga. Sitaki mjadala kuhusu hili.

Sahani nne

Chukua faji iliyopigwa, zimua, changanya mililita 0.1 na mililita 0.2 za bakteria, iache dakika 20 inate. Ongeza agari laini ya asilimia 0.7 iliyo kwenye nyuzi 45 hivi, mwaga juu ya agari ngumu, subiri igande. Hapo ndipo sahani zinapogawanyika.

Sahani ya kwanza inafungwa kwenye foili papo hapo na kuingia inkyubeta ya nyuzi 37. Sahani ya pili, iliyotoka kwenye mchanganyiko ule ule, inawekwa chini ya taa nyeupe kwa nusu saa, kisha nayo inafungwa na kuifuata mwenzake. Ya tatu ni ya faji ambayo haikupigwa miale kabisa lakini imekaa chini ya taa nyeupe. Hiyo inakuhakikishia kwamba taa peke yake haiongezi madoa. Nyingi ya taarifa ninazosahihisha huishia hapo, na hapo hazijathibitisha kitu kuhusu bakteria.

Sahani ya nne ndiyo yenye ushahidi. Chukua faji iliyopigwa miale, ingali kwenye bafa, peke yake, bila bakteria. Iweke chini ya taa nyeupe nusu saa ile ile. Kisha irudishe gizani, ichanganye na bakteria, na uipandishe gizani. Idadi yake italingana na sahani ya kwanza. Mwanga uliipata, ukapita bure, kwa sababu faji haina fotolaizi. Dulbecco alilionyesha hili pia: mwanga husaidia baada ya faji kuingia ndani ya bakteria, hausaidii kabla.

Kuhusu taa nyeupe, usikimbilie balbu za LED. Fotolaizi ya E. coli hupenda zaidi mwanga wa karibu na nanomita 380, na LED nyeupe za kawaida huanza kutoa mwanga wa maana juu zaidi ya hapo, kwenye bluu. Mirija ya zamani ya zebaki hutoa mistari mikali kwenye 405 na 436, ambayo fotolaizi bado inaitumia. Chuo kilipobadilisha taa zote, niliomba mirija miwili isitupwe, nikaifungia kwenye kibao. Weka kipande cha kioo cha dirisha kati ya mrija na sahani, uangalie sahani zisipate joto.

Jua kupitia dirishani nalo linafaa, mradi kioo kiwepo kuzuia miale inayoharibu, na mradi agari isikauke. Jua la moja kwa moja sitalishauri. Lenyewe linavunja huku likitengeneza, na hutajua lipi limekupa tarakimu yako.

Hesabu

Hesabu sahani zenye madoa kati ya 30 na 300. Tuseme faji ambayo haikupigwa, kwa mzimuo wa mara 100,000, imetoa madoa 124 kutoka mililita 0.1. Hiyo ni faji milioni 124 kwa mililita. Iliyopigwa sekunde 40 na kukaa gizani, kwa mzimuo wa mara 1,000, imetoa 62: faji 620,000, sawa na asilimia 0.5. Ya mwanga, mzimuo ule ule, imetoa 186, sawa na asilimia 1.5. Usiandike tu kwamba mwanga umeongeza mara tatu. Chora mistari yote miwili, kisha angalia: asilimia 1.5 ya mwangani kwa sekunde 40 inalingana na sekunde ngapi za gizani? Tofauti hiyo ndiyo sehemu ya madhara ambayo mwanga umeifuta, na ndiyo tarakimu unayoweza kuilinganisha na ya mtu mwingine.

Kuna mtego wa pili hapa, nao humnasa hata mtu mzoefu. Faji zikipungua sana, mkono unashawishika kupandisha faji bila kuzizimua ili upate madoa ya kuhesabu. Luria alionyesha mwaka 1947 kwamba faji mbili au zaidi zilizoharibika zikiingia ndani ya bakteria mmoja zinaweza kusaidiana: moja ina sehemu nzima pale mwenzake alipovunjika, zinabadilishana vipande, na inatoka faji nzima. Kwa T4 na ndugu zake jambo hili lina nguvu sana. Utapata madoa mengi, utayaita ukarabati wa bakteria, kumbe si wote.

Weka uwiano chini ya faji moja kwa bakteria kumi, na uhesabu faji zote, zilizokufa na zilizo hai, kwa sababu zilizoharibika nazo zinaingia. Kwa uwiano wa 0.1, katika bakteria waliopata faji, karibu asilimia 5 wamepata zaidi ya moja. Kwa uwiano wa 1 ni karibu asilimia 42. Katika mfano wetu, ukichanganya mililita 0.1 ya akiba isiyozimuliwa na bakteria milioni 40, umeshafika 0.3, hata kama sahani inaonyesha madoa machache kiasi gani.

Bakteria wawili, giza moja

Hapa nitakwenda haraka kwa kuwa kazi ni ile ile. Pandisha faji iliyopigwa kwa bakteria mzima na kwa mwenye kasoro ya uvrA, sahani zote kwenye foili. Sekunde 0 watalingana. Kadiri sekunde zinavyoongezeka mistari inaachana, wa uvrA ukishuka kama jiwe. Kisha rudia kwa mwanga: msaada wa mwanga utaonekana wazi zaidi kwa huyu mwenye kasoro, maana kwake fotolaizi haina msaidizi, na dimeri zote zinaingoja yenyewe.

Njia ya dharura

Jean Weigle alikuwa mwanafizikia wa Uswisi aliyehamia California Institute of Technology na kuingia kwenye faji. Mwaka 1953 alieleza jambo ambalo wanafunzi wangu hulikataa mpaka walione: ukimpiga miale kidogo bakteria mwenyewe kabla ya kumpa faji iliyoharibika, faji zinazopona zinaongezeka.

Fanya hivi. Kusanya bakteria wazima wanaokua kwa kasi, wazungushe kwenye sentrifuji, waweke kwenye suluhisho la salfeti ya magnesi. Wapige sekunde chache tu, kiasi ambacho wengi wao wanabaki hai. Pima hilo kwa kuhesabu koloni kabla hujaendelea. Warudishie mchuzi, waache gizani nusu saa kwenye nyuzi 37. Kisha wape faji iliyopigwa vizuri, na sambamba nao wape bakteria ambao hawakuguswa. Kila kitu gizani.

Nusu saa ile si ya kunywea chai tu. Bakteria aliyejeruhiwa hugundua DNA yenye uzi mmoja ulio wazi. Protini RecA huushika uzi huo na kuifanya protini LexA ijikate. LexA ndiyo iliyokuwa ikifunga jeni zaidi ya arobaini. Zinafunguka, baadhi zikiwa za UvrA na wenzake, na nyingine, umuC na umuD, zikiunda kimeng'enya cha kunakili kisicho na ustaarabu: kikikuta dimeri hakikwami, kinabandika herufi yoyote na kusonga mbele. Miroslav Radman aliuita mwitikio huu SOS, na Evelyn Witkin ndiye mwenzake mkubwa katika kuufumbua.

Sasa angalia madoa yako ya lamda. Mengi yana ukungu. Tafuta yale yaliyo angavu kabisa, kama yametobolewa kwa pini. Hizo ni faji ambazo jeni yao ya kutulia ndani ya bakteria imeharibika kwa herufi iliyobandikwa vibaya. Kwa bakteria ambao hawakuguswa utayapata kwa nadra. Kwa waliopigwa kabla yataongezeka, kama Weigle mwenyewe alivyoona. Faji imeokolewa, ila imetoka na makosa ya mwokozi. Ukiwa na aina yenye kasoro ya recA, mjaribu: msaada wote huu unatoweka.

Faji ya ziwani na maji ya shemeji

Kila mwaka kuna anayetaka kutumia faji ya kwetu, kutoka mdomo wa Mto Mirongo au mwaloni Kirumba. Namruhusu baada ya lamda kukubali, akiwa na glovu, maana maji hayo yana mengi. Chuja kwa kichujio cha mikromita 0.45, lisha kwa E. coli, chukua doa moja na ulisafishe kwa kulipandisha upya mara kadhaa. Tumia bakteria asiye na nywele za F, zile ambazo baadhi ya faji hunata, la sivyo utajikuta na faji za RNA, ambazo maelekezo yao hayapo kwenye DNA. Fotolaizi hutengeneza DNA tu, kwa hiyo faji hizo hazitaonyesha msaada wowote wa mwanga nawe utakesha ukitafuta tatizo kwenye taa.

Juu ya ziwa lenyewe kuvunja na kutengeneza huenda pamoja mchana kutwa, kwa kuwa jua lile lile lina miale ya kuharibu faji na mwanga wa kuamsha fotolaizi. Watafiti waliopima virusi vya bahari katika Ghuba ya Meksiko miaka ya 1990 walikuta kwamba sehemu kubwa ya virusi vilivyoharibiwa na jua hurudishiwa uwezo wao na bakteria kwa njia hii ya mwanga. Kwetu maji yana matope na mwani, miale haizami mbali, kwa hiyo mchezo wote upo karibu na uso.

Shemeji yangu anauza maji aliyoyapitisha kwenye taa ya miale, na madumu yake meupe huyapanga nje ya duka, juani. Nilimwambia ayaingize ndani kivulini. Bakteria walioharibiwa na taa lakini hawajafa kabisa wanaweza kujitengeneza kwa mwanga, sawa na wanavyoitengeneza faji. Achuje kwanza, kwa sababu maji yenye vumbi huwaficha vijidudu, halafu apige, halafu afunike. Kuna virusi vya binadamu pia vinavyonufaika na mwenyeji: adenovirusi ana DNA ya nyuzi mbili, na seli zetu, ingawa hazina fotolaizi, zinajua kukata na kujaza. Ndiyo maana kanuni za Marekani zinadai milijouli 186 kwa sentimita ya mraba ili kuondoa asilimia 99.99 ya virusi, wakati kwa kimelea Cryptosporidium kiwango hicho hicho cha usafi kinapatikana kwa 22. Akaniuliza, "Sasa taa yangu ina ngapi?" Nikamwambia atafute karatasi iliyokuja nayo.

Ukimaliza, sahani zote ziingie otoklevu kabla ya kutupwa. Pipeti na tyubu ziloweke kwenye maji ya klorini. Futa meza kwa klorini, usitegemee spiriti peke yake, na akiba ya lamda ihifadhi kwenye friji nyuzi 4 na tone la klorofomu, jina la bakteria aliyeilea likiwa limeandikwa kwenye kizibo. Kaniki ikunje ikiwa kavu. Panya wa maabara yetu wanaipenda kuliko agari.